Mke wangu kahamia kwenye simfoni za jirani, nimebaki na wivu wangu

Wakuu, habari za humu. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimeshazipokea. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, na chumvi sitii.

Nakaa Butimba. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, Mhaya, alifiwa na mkewe. Ana spika kubwa, jioni anapiga muziki wa Wazungu wa karne ya kumi na tisa. Simfoni na konseto. Hauna hata neno moja.

Mke wangu, Mama Kulwa, akaanza kubeba kigoda kwenda kusikiliza.

Wakuu, magoti yangu yamezeeka ila wivu bado kijana kabisa.

Mbaya zaidi akawa na favourite zake. Tunakula ugali, yeye ananieleza simfoni inayoanza kama mvua ya ziwani, huioni ila harufu umeshaipata. Namba moja kwake konseto ya fidla. Namba yangu mimi sikuambiwa.

Na mimi siyo mtu wa hivi hivi. Ujanani kule Sengerema nilikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Naimba, kundi linaitikia. Huyu mama nilimpata hapo hapo, kwenye kuitikia hakuwa na mpinzani. Stori ya ng'ombe wa mahari tuiache.

Siku moja nikamfuata. Nawakuta uani, mwalimu kafumba macho, mke wangu kafumba macho, fidla inalia. Nikasimama nawakodolea. Muziki ukanyamaza.

"Haya, imekwisha. Beba kigoda twende."

"Bado, mzee mwenzangu," mwalimu akasema. "Hiyo ni sehemu ya kwanza. Zipo tatu."

"Kaa, Baba Kulwa," mke wangu akasema. "Na usiongee."

Nikakaa chini. Fidla ikasema yake, ikanyamaza, kundi zima likaitikia. Nikashtuka. Huyu naye ni manju.

Tulipotoka nikamuuliza, "Hiyo fidla ina nini ambacho mimi sina?"

"Inanyamaza. Zamani ulikuwa unaimba, halafu unatuachia tuitikie. Siku hizi unaongea mpaka nasinzia."

Tukakaa barazani kwetu, nikafunga mdomo. Kumbe mama wa watu alikuwa na maneno mengi hivyo.

Sasa tunaenda na vigoda viwili. Somo nimelipata, ila ile fidla siipendi hata kidogo. Inanyamaza bila kujiuma ulimi.

Haya, nimeimba yangu. Itikieni.