Kola ya Shangazi Pindo

Mkasi ulikuwa shingoni mwa fundi kutwa nzima, umefungwa kwa utepe mweusi, mkali kama wembe. Lakini uzi aliukata kwa meno. Kila mshono ulipofika mwisho fundi aliinama, akaunasa uzi kwa jino la pembeni, akavuta. Alianza hivyo alipokuwa msichana anayejifunza cherehani, akaendelea hivyo hata alipobakiwa na meno machache, akigeuza kichwa huku na huku kutafuta mawili yanayokutana. Wateja walimtania.

“Fundi, huo mkasi ni mkufu?”

“Mkasi ni wa kitambaa chako,” alijibu. “Uzi ni wangu.”

Mhariri mmoja wa vitabu aliyasikia maneno hayo siku ya kwanza alipoingia dukani, akacheka kama wengine. Alikuwa amekuja na binti yake wa miaka tisa, mtoto mrefu ambaye hakuna gauni la kununua lililomfika viganjani. Duka lilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa safu ya maduka, ukuta kwa ukuta na mtengeneza miwani. Mlikuwa na cherehani mbili, moja imefunikwa shuka, meza ya pasi yenye alama nyeusi ya pasi iliyosahauliwa, kioo kirefu, na misumari mitatu ukutani. Kwenye misumari hiyo zilining'inia karatasi za kukatia nguo. Makola, mifuko, mikono, vifua, vyote vimetobolewa na kutungwa kwenye kamba kama samaki.

Fundi alimsimamisha mtoto juu ya kigoda, akachomoa kola moja ya karatasi, akamzungushia shingoni na kuishika kwa pini mbili.

“Usihangaike, mjukuu wangu. Pini haina adabu.”

Mtoto alikunja kidevu kujitazama. “Mama, kola yangu imeandikwa.”

Mhariri akainama. Kweli, karatasi ilikuwa na mistari, na juu ya mistari kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya buluu, umekatwa pale shingo ilipopinda. Akasoma: *na mbuzi akakaa dawati la mbele kabisa. Wewe unayesoma, toa kidole mdomoni, tunaendelea.*

Akasoma tena, kutoka mwanzo.

Maneno ya kidole aliyajua tangu akiwa na miaka saba. Mwaka huo mama yake aliugua, naye akapelekwa kukaa kwa mama mkubwa, nyumba iliyojaa watu wazima wanaonong'ona. Kwenye kabati la vyombo alikuta vitabu vitatu vyembamba vilivyoandikwa na mtu aliyejiita Shangazi Pindo. Alivisoma hadi vikaachana na majalada yake. Shangazi huyo alikuwa na tabia ya kukatiza hadithi na kumkemea msomaji. Mara ya kwanza alipokutana na yale maneno ya kidole, mhariri alikuwa na kidole mdomoni kweli. Alikichomoa haraka, akageuza ukurasa nyuma, akautafuta mwangani akitaka kuona tundu ambalo Shangazi alikuwa akimchungulia. Katika nyumba ile, ambamo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama, palikuwa na mmoja anayemwona. Alipokua akasoma, akapata shahada, akaajiriwa kwenye kampuni ya vitabu, na walipomuuliza kwa nini amechagua kazi hiyo alisema anapenda lugha. Angesema nini kingine mbele ya watu wazima wenye tai?

Lakini maneno yale alikuwa ameyaona tena, si zamani. Miezi saba iliyopita uliletwa mezani kwake mswada wa kurasa arobaini, umeandikwa kwa mkono, na chini yake jina la mwanamke ambalo halikumwambia kitu. Ilikuwa hadithi ya mbuzi aliyekwenda shule badala ya mtoto mgonjwa. Alisoma kurasa nne. Kwenye ukurasa wa nne akakuta kidole na mdomo, akaifunga hadithi kwa hasira. Amethubutu vipi mtu kumwibia Shangazi Pindo, tena marehemu! Maana hakuwa na shaka kwamba ni marehemu. Waandishi wa utotoni tunawazika siku ile tunapoacha kuwasoma, wala hatuulizi msiba uko wapi.

Kampuni ilikuwa na barua moja ya kukataa, yenye nafasi ya kujaza jina. Hiyo hakuitumia. Aliandika yake, aya mbili, akachagua ile karatasi nzito yenye nembo ambayo mkurugenzi huiweka kwa wageni. Aliandika kwamba mwanafunzi huiga na mwizi huiba, na kwamba mswada huu umevuka mpaka. *Mwandishi uliyemchukulia sauti yake ametulea wengi. Tafadhali mwache apumzike.* Akatia sahihi, akarudisha mswada, akaenda kunywa chai kwa raha ya mtu aliyemtetea yatima.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya kioo cha fundi, mkono wake kwenye bega la binti yake.

“Haya maandishi,” alisema, “ni ya nani, mama?”

“Yangu.” Fundi alikuwa na pini midomoni, akaongea kwa upande. “Usijali, wino umekauka siku nyingi, hautamchafua mtoto. Karatasi ni karatasi.”

“Unaandika?”

“Niliandika. Nilipokuwa msichana nilitoa vitabu vitatu vya watoto. Mchana nilikuwa napinda magauni ya watu, basi nikajiita Shangazi Pindo, ili fundi mkuu asijue muda wake naupeleka wapi.” Akatema pini kiganjani. “Kisha waliochapisha wakafunga, nikaolewa, nikafiwa, cherehani ikanila. Mwaka jana nikasema, mama wee, kabla hujafa kuna mbuzi mmoja hujamwandika. Nikamwandika. Nikampeleka kwenye kampuni moja kubwa kule mjini.”

“Wakasemaje?” aliuliza mtoto kutoka juu ya kigoda.

“Wakasema nimemwibia Shangazi Pindo!”

Fundi alicheka hadi akakaa chini. Alicheka akijifuta macho kwa ncha ya tepu ya kupimia. “Niende polisi niseme nini? Afande, nimejiibia, nikamateni! Tena barua nzuri, karatasi ngumu hiyo. Nimekatia mfuko wa koti, umekaa kama umepigwa pasi.”

Mtoto alicheka. Na mhariri naye akacheka. Jambo hilo lilimuuma baadaye kuliko yote. Kuandika ile barua kulikuwa ujinga, na ujinga mtu husamehewa. Lakini alipewa nafasi ya kufungua kinywa, na alipokifungua kikatoa kicheko.

“Kwa nini hukuwaambia kuwa Shangazi ni wewe?” aliuliza alipoweza.

“Nijisifu? Nilidhani hadithi yenyewe itasema.” Akamgeuza mtoto kwa mabega. “Mkono wa kushoto juu, mjukuu.”

“Na nakala nyingine unayo?”

“Ya nini? Mtu akishakwambia kitu si chako, unakiweka wapi?”

Wiki iliyofuata mhariri alirudi na sketi yake, akasema ni ndefu. Alieleza kwamba utotoni alivipenda vile vitabu, na akaomba akae pembeni anakili kile kilichobaki kwenye karatasi za kukatia. Hiyo ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli aliitumia kufunika ukweli mwingine. Fundi alimsogezea kigoda.

“Nakili tu. Ila ukikuta mkono wa kushoto, mwenzake usimtafute, niliukata mmoja tu nikawa naugeuza.”

Ikawa desturi. Kila Alhamisi baada ya kazi alikuja na nguo: hii ibanwe kiuno, ile iachiwe mabega, hii nyingine ipandishwe kidogo. Fundi alishona, yeye akanakili kutoka kwenye makola na mifuko, akiunga sentensi iliyoanzia kwapani ikamalizikia kwenye pindo la mkono. Neno lilipokatwa aliuliza, na fundi alijibu bila kusimamisha cherehani. Nyumbani mumewe alimtazama akivaa.

“Mke wangu, wewe unarefuka au nguo zinafupika?”

“Ni mitindo.”

“Basi mitindo ikifika magotini unijulishe.”

Kila Alhamisi alitoka nyumbani ameazimia kusema. Aliyapanga maneno njiani, akayapanga upya mlangoni kwa mtengeneza miwani. Akifika, fundi angemuuliza habari za mjukuu wake mrefu, angemmiminia chai, nayo maneno yangeshuka na ile chai. Aliogopa kufukuzwa, ndiyo. Aliogopa zaidi kwamba macho yale yaliyomwona alipokuwa na miaka saba, pale ambapo hakuna mwingine aliyemwona, yatamwona tena, na safari hii yatamwona vizuri.

Baada ya miezi miwili alikuwa na kurasa ishirini na tisa. Mwanzo wa hadithi ulikuwepo, mbuzi darasani, mwalimu mwenye macho mabovu anayemsifu kwa utulivu. Mwisho ulikuwepo, mtoto amepona na anarudi shuleni anakuta anashika nafasi ya tatu. Katikati palikuwa pengo la kurasa kumi na moja. Fundi alikuwa ameziunganisha kwa gundi kuwa mgongo wa koti la bwana harusi mmoja mnene, kisha akamwazima fundi mwingine, naye akahama nazo.

Mhariri alipiga chapa alichonacho, akampelekea mkurugenzi. Mkurugenzi alisoma akicheka peke yake, kalamu ikiwa nyuma ya sikio.

“Hii itoke haraka. Hilo pengo lijaze wewe.”

“Mimi?”

“Si wewe ndiye unayemjua huyo mama kuliko sote? Unaweza kuandika kama yeye, hakuna atakayegundua.”

Alirudi mezani kwake, akakaa. Droo ya chini ilikuwa na nakala ya ile barua, aya mbili, sahihi yake. *Mwanafunzi huiga na mwizi huiba.* Aliisoma mara moja tu.

Alhamisi hiyo alifika dukani mikono mitupu. Hakuwa na sketi wala gauni, alikuwa na bahasha tu. Fundi alikuwa anamalizia pazia, kitambaa kimemwagika hadi sakafuni.

“Leo huna nguo?”

“Sina, mama.” Alibaki amesimama. “Ile barua niliiandika mimi.”

Cherehani iliendelea hadi mwisho wa mshono. Fundi akainama, akakata uzi kwa meno.

“Najua.”

“Unajua?”

“Jina lako si nililiandika kwenye daftari la vipimo siku ile ya kwanza, mlipokuwa mnatoka? Nikasema hili jina nimeliona wapi. Nikageuza ile karatasi ya mfuko wa koti, nikalikuta.”

“Mbona hukusema?”

“Nilikuwa nasubiri nguo zikuishie.”

Mhariri alilia, na hakuna aliyemzuia. Alisema kwamba alisoma kurasa nne tu. Alisema kwamba alicheka. Alieleza habari za kabati la vyombo kwa mama mkubwa na jinsi alivyotafuta tundu kwenye ukurasa, na kwamba ile barua aliiandika kwa mapenzi, na alipojisikia akisema hivyo aliona aibu upya, maana aliyepigwa hapunguziwi maumivu kwa kuambiwa alipigwa kwa ajili yake mwenyewe. Fundi alisikiliza akikunja pazia, pembe kwa pembe, kama mtu anayesikiliza mvua ipite. Hakusema amesamehe. Hakusema hakusamehe.

Kisha mhariri akatoa zile kurasa ishirini na tisa kwenye bahasha, akaziweka mezani, akamwambia alichosema mkurugenzi, na kwamba amekataa. Akamwomba amsimulie yale ya katikati. Angekaa hapo kwenye kigoda, angeandika neno kwa neno, hata ikichukua mwezi.

Mwezi haukuwepo. Wiki iliyofuata duka lilikuwa limefungwa, na mtengeneza miwani akasema fundi amelazwa, moyo. Mhariri alikwenda hospitali mara tatu, mara zote akamkuta amelala, na mara ya nne kitanda kilikuwa na mtu mwingine, na muuguzi akampa pole. Mswada bado uko mezani kwake kazini, na pengo lake. Mkurugenzi huuulizia kila mwanzo wa mwezi. Yeye hujibu kwamba bado, kwa sababu hana jibu jingine zaidi ya lile alilopewa dukani jioni ile ya bahasha. Fundi alizichukua zile kurasa, akazipima uzito mkononi kama kitambaa, akamrudishia. Alikuwa akitabasamu, ila kama ni tabasamu la furaha au la uchungu, mhariri hajui hadi leo.

“Hapo katikati, mwanangu,” alisema, “kamuulize yule niliyemwibia.”