Patmo Iliyoonekana Kutoka Kanazi

Harufu ya majani ya maharage yaliyolowa umande ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi msimu ule, nyumbani kwetu Kanazi, wilayani Ngara. Ukungu ulijaa mabondeni, na vilele vya milima vikachomoza juu yake kama visiwa. Vile vya mbali vilikuwa Burundi, alikotoka Bibi, mama mzaa baba, alipokimbia vita. Alivitazama, kitenge mabegani, hadi uji wake ukapoa. Mimi niliketi kando yake nikiamini kwamba tukiukanyaga ukungu ule polepole tutafika ng'ambo bila kulowa miguu.

Jina la kuviita visiwa vile tulipewa na katekista wetu, mtu ambaye mafundisho yake yalikuwa marefu kuliko misa. Patmo, alisema, iko Ugiriki: kisiwa kidogo cha mawe, chembamba katikati, bahari imeingia ndani ikafanya bandari tulivu. Miti ni michache, na maji ya kunywa watu walikinga ya mvua. Watawala wa Rumi waliwatupa huko wasiowataka, akiwemo mtume mzee aliyeona maono pangoni. Karne nyingi baadaye watawa walijenga kilimani nyumba yenye kuta nene kama ngome, kwa kuhofia maharamia, na wanakijiji wakajibanza kuizunguka. Bibi hakuwajali maharamia. Aliuliza jambo moja tu: "Mtume alirudi?" Katekista akajibu kuwa mapokeo yanasema alirudi. Weee, hapo ndipo moto ulipowaka!

Maana Bibi, akiamini kuwa naye atarudi kwao, alipanda maharage na mahindi tu, vitu vya kuvuna na kuondoka. Mgomba hakuutaka; kwake, apandaye mgomba amekubali kubaki. Baba alitamani migomba kama ya majirani zetu Wahangaza. "Mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimtania. "Sisi hata jembe limeisha makali!" Bibi hakucheka. Wakanuniana, nami nikaishi kwa hofu kwamba asubuhi moja nitaamka nikute amevuka mpaka peke yake.

Jumapili moja nikamuuliza katekista mtume alikula nini kule kwenye mawe. "Labda wenyeji walimpa tini na zabibu," alisema. "Basi kuna aliyempandia," Bibi akasema. Kesho yake aliomba kwa jirani mche wa mgomba, akamwita Baba. "Mwana wanje, mwanangu, chimba. Atakayefika hapa na njaa asikute mawe matupu."

Bibi hakurudi kwao; tulimzika Kanazi. Siku hizi naitazama Patmo kwenye simu: nyumba nyeupe, bahari ya buluu, meli zikishusha watalii wanaokwenda kwa hiari walikofungiwa wengine. Mwaka jana nilivuka mpaka hadi kwenye kilima cha Bibi. Wenyeji walinipokea kwa ukarimu, kisha mzee mmoja akaniuliza kwetu ni wapi. "Kanazi," nikajibu bila kufikiri. Nikalia pale pale, kwa sababu nilikuwa nimesimama mahali alipopatamani maisha yake yote, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutamani nyumbani.