Kiganja cha Fundi

Fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu hapa Kalemie hafungui mashine kabla ya kuisikiliza. Huzima redio yake, huweka kiganja juu ya mashine na kuinamisha kichwa, kama mzazi anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Juzi nilimkuta na Mama Anne-Marie, mjane wa mwalimu aliyetufundisha kwaya sisi wazee. Diski ya kompyuta yake, iliyohifadhi nyimbo za kwaya zenye sauti ya marehemu, ilikuwa ikigonga ta, ta, bila kukoma.

"Papa fundi, njo inakufa hivi, ndiyo mwisho wake?"

"Hapana, Mama. Ili kulinda batri, inalalishwa kila mara, halafu inaamushwa. Hata mimi ningepiga kelele!"

Mama hakucheka. Fundi akanakili kwanza nyimbo zote mahali salama, kisha akaiondolea diski amri ile ya kulala. Kugonga kukakoma. Akafungua wimbo mmoja: marehemu akakohoa, akawakaripia waimbaji wa sauti ya nne, akaanza upya. Mama akajifunika uso kwa kitenge, akicheka na kulia. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini fundi hakuondoa kiganja chake juu ya mashine mpaka wimbo ulipomalizika.