Enshakala Nyuma ya Wavu

Mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, ulipoanza kusogea kijiji hadi kijiji, nilikuwa mtafiti mdogo katika kituo kimoja cha kilimo karibu na Bukoba. Kazi yangu ilikuwa kuotesha migomba ndani ya chupa: unachukua kiini cha chipukizi, kidogo kama punje ya harage, unakisafisha, unakilaza juu ya lishe iliyoganda, kisha unasubiri.

Tulikuwa tumeungana na maabara za nchi nyingine mbili. Wenzetu walikuwa na utaalamu wa kuhariri vinasaba. Sisi tulikuwa na migomba, na ugonjwa. Tulitaka mgomba uleule wa Kihaya, wenye ladha ileile, ila mnyauko usiuweze. Walipouliza tuanze na aina ipi, nikasema enshakala. Sikuwaambia kwamba ndiyo iliyojaa kibanja chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba yetu Muleba, kutoka machipukizi matatu ambayo mama alipewa na mama yake huko Izimbya siku alipoolewa.

Nilipokwenda kuomba chipukizi, mama aliuliza kama hao wa ng'ambo wanajua kupika ndizi. Nikamwambia hawajui. Akacheka, akalichimba mwenyewe, akalifuta udongo kwa kitenge chake.

"Mwana wange, liende," alisema. "Lakini lirudi."

Nilikwenda nalo ng'ambo, nikakaa kwenye maabara ya wenzetu miaka miwili, katika nchi ambayo jua lake halikunipasha. Mchana, wenzangu walipokwenda kula, mimi nilibaki katika chumba cha miche. Mkuu wa maabara, mwanamke wa makamo, alikuja kuuliza kama miche ina tatizo. Nikamwambia haina, humu ndani kuna joto na unyevu kama kibanjani baada ya mvua, kinachokosekana ni harufu tu. Kesho yake nilikuta kiti chake kimewekwa pale, kati ya rafu.

Jumapili moja baada ya misa mama alinipigia. Majani ya migomba ya upande wa barabarani yamekuwa ya njano, alisema, na shina alilolikata limetoa usaha. Nikaanza kumweleza: ng'oa shina zima, fukia, panga lipitishwe kwenye moto, usipande migomba hapo kwa miezi kadhaa. Nilikuwa nikiongea kama niko kwenye semina ya wakulima. Aliniacha nimalize.

"Nimeshaing'oa yote," alisema. "Nilitaka tu uniulize nimekula nini."

Nikamuuliza. Akasema ugali, si ndizi.

Miche iliporudi nyumbani, vibali vikiwa vimekamilika, tuliipanda kituoni ndani ya banda la wavu lenye milango miwili. Tuliidunga vimelea vya mnyauko. Ile ya kawaida, iliyowekwa kwa kulinganisha, ilinyauka mmoja baada ya mwingine. Iliyohaririwa ilisimama. Wenzetu walipiga makofi kwenye skrini, nami nikapiga, lakini mawazo yangu yalikuwa Muleba, kwenye kibanja kilichogeuka shamba la mahindi.

Nikamleta mama aione. Tulipopita Kemondo, ambako hupenda kuulizia bei ya samaki, hakutaka hata tusimame. Alisimama mbele ya wavu muda mrefu, akitazama rangi ya shina na namna jani jipya linavyojikunjua.

"Ni yenyewe," alisema. "Nipe chipukizi moja."

"Bado, Mama. Ruhusa ya kuipanda nje haijatoka."

Aliuliza ni nani amekataa. Nikamwambia hakuna aliyekataa. Wanaotoa vibali wanapima kwanza kama ni salama kwa mlaji na kwa udongo. Akasema kupima ni sawa, hata yeye huonja kabla ya kumpakulia mgeni. Lakini mkono wake ulibaki kwenye wavu, na ufunguo wa banda niliushika mimi.

Nilichoweza kumpa ni miche minne ya enshakala ya kawaida, safi, kutoka chupa zetu za kituoni, isiyo na kinga yoyote. Nilimweleza wazi kwamba mnyauko ukirudi itakufa. Aliichukua yote, akaipanda nyuma ya jiko, mahali ambapo hapakuwa na mgomba mgonjwa.

Kila mkutano nauliza kuhusu ruhusa. Wenzetu hunijibu kwa upole, na upole huo siku hizi unanichosha.

Wiki iliyopita mama alisema mmoja wa ile minne umetoa mkungu. Nikatoka Nshambya, ninakoishi, kwa basi la asubuhi. Tulivunja ua linaloning'inia mwishoni mwa mkungu kwa kijiti cha panda, ili wadudu wasilete ugonjwa, kisha tukakaa kwenye mkeka. Ndizi zilikuwa bado nyembamba kama vidole vya mtoto. Mama alihesabu vichana, akasema zinahitaji miezi mitatu. Tukabaki pale tukiyatazama majani, kama kuna lililoanza kuwa njano.