Mshauri Kasiano na Barabara ya Kobero

Siku Urbano, mwenzake wa kazi, alipochukuliwa, Kasiano Nyabenda alikuwa katika chumba hicho hicho, akipunguza makali ya hotuba ya mkubwa wao. Wanaume wawili waliovaa mashati ya kawaida waliingia ofisini, wakamsalimia kila mtu kwa mkono, kisha wakamwambia Urbano, "Tusindikize kidogo." Urbano aliacha koti lake kwenye kiti. Jioni koti lilikuwa bado pale, na hakuna aliyethubutu kulitoa wala kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Hapo ndipo woga ulipomrudia Kasiano. Ulimrudia, kwa maana walikuwa wanafahamiana tangu zamani.

Mara ya kwanza alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka wa sabini na mbili, walipokimbia Mwakiro, mkoani Muyinga, Burundi. Dada yake Efrazia alishika upindo wa kanga ya mama. Baba alibaki nyuma kufungua mbuzi, akasema atawafuata, hakuwafuata. Watoto walikulia kwenye makazi ya wakimbizi Tabora, Tanzania, na mle ndani Kasiano akajifunza kusikiliza. Gari likisimama mbali alijua kwa mlio kama limeleta unga au limeleta askari. Watu wazima wakianza kunong'ona kwa Kirundi, alijua kabla hawajamaliza kama usiku huo watu watalala au watakaa matanga.

Masikio hayo ndiyo yaliyompa kazi. Mazungumzo ya amani yalipofanyika Arusha, alikwenda kama mkalimani, kijana mwembamba mwenye suti ya kuazima. Alikuwa akiisikia hasira ya mtu kabla haijatoka mdomoni, akatafuta namna ya kuifikisha upande wa pili bila kuchoma. Wakubwa wakampenda. Akaingizwa kwenye kazi ya ubalozi: Dar es Salaam, kisha Addis Ababa, miaka mingi ya kukaa nyuma ya kiti cha mwenye cheo na kumnong'oneza lipi aseme na lipi alimeze. Gitega ilipofanywa makao makuu ya nchi akaitwa nyumbani, akawa mshauri wa siasa wa mkubwa mmoja. Yeye na mkewe Jovina wakajenga Magarama, mtaa wa mji huo huo. Binti yao Imelda akapata nafasi ya chuo huko Bujumbura.

Kilichomponza ni sentensi moja. Mkubwa alitaka kutoa tamko kali dhidi ya nchi jirani. Kikaoni wote walitikisa vichwa kukubali, ila Kasiano akasema polepole, "Mheshimiwa, maneno haya tukiyatoa leo, kesho hatutakuwa na mlango wa kubisha hodi." Urbano akamuunga mkono. Mkubwa akawatazama wote wawili, akatabasamu.

"Ninyi mliokaa sana nje mnawahurumia sana watu wa nje."

Wajumbe wakacheka. Kasiano naye akacheka, na mgongo ukamlowa jasho.

Wiki haikuisha kabla Urbano hajachukuliwa. Baadaye simu ya Kasiano ikaita, namba asiyoijua, sauti ya upole. "Mshauri, Jumatatu utapita kwetu. Ni maswali machache tu." Haikusema kwetu ni wapi, na Kasiano hakuwa na haja ya kuuliza.

Alimkuta Jovina uani akichagua maharage. Alipomweleza, mkono wa mkewe uliendelea kuchagua, lakini sasa ulikuwa unatupa hata maharage mazima.

"Nenda kwa dada Efrazia," alisema mwishowe. "Kutoka kwake Mwakiro kwenda mpakani Kobero, uingie Tanzania, si mbali. Mimi na Imelda tutakufuata."

"Tutoke pamoja, Mama Imelda."

"Tukitoka pamoja watajua tumetoka."

Gari la ofisi lilikuwa limechukuliwa siku chache nyuma, eti linakwenda kwa fundi, na siku hizo mafuta yalikuwa adimu Gitega nzima. Kasiano akamwendea Othmani, Mwislamu wa Muyinga aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni na ambaye, kwa njia zake, hakukosa mafuta ya kwenda kwao. Othmani hakuuliza mengi. "Panda mbele, Mshauri," alisema. "Lakini njiani we nyamaza. Mi ndo nitaongea."

Baada ya Karusi walikuta kamba imefungwa kukatiza barabara. Polisi akainama dirishani.

"Huyu ni nani?"

"Chef, huyu iko na mi," alijibu Othmani akicheka. "Ni mzee tu wa Gitega, anaenda kuona ndugu yake iko mgonjwa. Maladi ya mgongo."

Polisi akachukua kitambulisho cha Kasiano, akasogea kando na kupiga simu. Kasiano aliiona midomo yake ikicheza, lakini upepo ulikuwa ukivuma kuelekea bondeni. Mtu aliyeishi kwa masikio yake hakuambulia hata neno. Othmani alikuwa ameacha kucheka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limesimama.

Polisi akarudi, akarudisha kitambulisho kwa heshima zote.

"Safari njema, mzee. Msalimie Efrazia."

Kamba ikashushwa. Walikwenda kitambo, kisha Othmani akauliza kwa sauti ndogo, "Mi nilisema jina ya dada yako?"

"Hapana."

"Na we?"

"Hapana."

Othmani alimshusha barabarani Mwakiro, akasema atapita hapo tena jioni akirudi Gitega. Efrazia alimwona mdogo wake akikatiza shamba la mihogo na viatu vyake vya mjini, akaegemea jembe. Yeye alikuwa mtu mzima sasa, mjane, na shamba lile la baba alilipata baada ya kurudi kutoka Tanzania na kusimama mbele ya wazee wa kilima, waamuzi wa kijiji, mara nyingi kuliko alivyosimama kanisani. Alimkaribisha ndani, akampa isombe, kisamvu cha kwao, na ugali. Kasiano alimega tonge, akalirudisha sahanini.

"Unakwenda Kobero," Efrazia alisema.

"Kesho asubuhi. Twende wote, dada. Wanajua jina lako."

"Waache walijue." Alimsogezea maji. "Mume wangu nimemzika pale nyuma. Mimi, mdogo wangu, sitapanga tena foleni ya mahindi nikiwa na kopo mkononi. Wewe ukienda sitakulaumu. Ila usiniombe tena."

Bado walikuwa mezani simu ilipoita. Jovina alikuwa akisema chini chini, kama mtu anayeongea kanisani.

"Wamekuja wawili. Wamenisalimia vizuri, wameomba maji ya kunywa. Wameuliza Imelda anasoma nini. Wanajua hata jina la hosteli yake."

"Wamesema nini kingine?"

"Wamesema hawana haraka." Kisha akasema upesi, "Baba Imelda, wewe nenda tu. Usitufikirie."

Kasiano alitoka nje, akasimama kwenye ukingo wa shamba ambako barabara ya vumbi ilionekana ikishuka. Maisha yake yote alimlaumu baba yake kimoyomoyo: kwa nini hukukimbia? Mbuzi walikuwa na maana gani? Sasa alijikuta anamhesabia baba mambo mengine ambayo huenda yalikuwapo nyuma kule, ambayo mtoto wa mgongoni asingeweza kuyaona. Alirudi ndani, akamwomba Efrazia amsindikize hadi barabarani, Othmani asije akaondoka kurudi Gitega bila yeye. Njia nzima dada alimshika mkono kama zamani walipokuwa wanakwenda kuchota maji.

Jumatatu alikwenda alikoitwa, akapokelewa na mtu wa makamo mwenye miwani, mpole, aliyemfungulia Fanta kwa mkono wake.

"Mshauri, wewe ni mtu wa maneno. Sisi tunataka moja tu. Urbano alikuwa akiwapelekea majirani habari za vikao. Wewe ulikaa naye meza jirani, ulimsikia akiongea nao kwenye simu. Sema ndiyo, urudi kazini leo hii."

Maneno laini ya ubalozi yakamjia yote kwa pamoja: kwa kadiri nijuavyo, si rahisi kuthibitisha, ingefaa uchunguzi zaidi. Kila moja lilikuwa mlango ambao yeye angepita, na Urbano akafungiwa ndani. Alitaka kunywa soda, akaogopa chupa itagonga meno.

"Hapana," alisema. "Sikumsikia."

"Fikiria tena."

"Nimefikiria."

Yule mtu akavua miwani. "Ulikuwa Mwakiro. Kobero ni pale pale. Mbona hukuvuka?"

"Mke wangu alikuwa Magarama."

Mwenye miwani alimtazama sana, akanyanyuka, akatoka na kufunga mlango. Kasiano akabaki peke yake. Alisikiliza nyayo kwenye ukumbi: zinakuja, zinapita, zinasimama, zinapita tena. Fanta ikaisha gesi yote. Alijaribu kusali, akasahau Baba Yetu katikati, akaanza upya kwa Kirundi. Alasiri mlango ulifunguliwa na mtu ambaye hakuwa amemwona kabla.

"Nenda nyumbani."

Hakuna aliyemweleza kwa nini. Kazini alitangaziwa kwamba amepumzishwa, na jina lake likaondolewa mlangoni. Urbano aliachiwa kabla ya mvua, amekonda, akaenda kukaa kwa kaka yake Makebuko. Walikutana mara moja tu, kwenye misa ya ndoa Giheta.

"Waliniambia umeshakubali," Urbano alisema bila kumtazama.

"Ukawaamini?"

"Kuna siku niliwaamini."

Wakabaki wamesimama pamoja hadi maharusi walipotoka.

Sasa Kasiano anawatafsiria watu hati zao, na mara kwa mara Efrazia humwita Mwakiro kusuluhisha wakimbizi waliorudi na watu waliowakuta kwenye mashamba yao. Huko bado masikio yake yana kazi. Ila nyumbani Magarama, gari likipunguza mwendo karibu na ua, yeye na Jovina huacha kuongea. Juzi gari moja lilisimama kabisa. Dereva akateremka, akabisha hodi, akauliza njia ya kwenda Giheta. Kasiano alimwelekeza vizuri, kwa adabu, hadi kona ya mwisho. Gari lilipoondoka alikaa chini palepale kwenye kizingiti, na Jovina akaja akakaa naye, akamshika goti mpaka lilipotulia.