Mkono Uliotia Sahihi

Esnath alifika kwenye halmashauri yetu mkoani Iringa akitokea Uyole, Mbeya, akiwa na begi moja na diploma ya tiba kwa vitendo. Nilimpokea mimi, maana ndimi niliyekuwa afisa utumishi, na mafaili ya watumishi yalikaa kabatini kwangu. Nikamuuliza kazi yake hasa ni ipi.

"Kumrudisha mtu kwenye shughuli zake, baba. Aliyepooza afunge vifungo, asonge ugali, ashike kalamu."

Mimi nikamwona mtu wa kuchezea watoto shanga. Ulikuwa ujinga wangu mtupu.

Miaka tisa alifanya kazi hiyo peke yake katika hospitali nzima ya halmashauri, kwenye chumba kilichokuwa stoo. Watoto wasioweza kukaa aliwaundia viti kwa maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa ngano. Jumamosi alikwenda kijijini Kalenga kumfundisha Mama Devota, aliyepooza upande mmoja, kumenya viazi kwa mkono mmoja. Akajisomesha hadi shahada. Walioajiriwa pamoja naye walipanda daraja mara mbili, yeye akabaki na mshahara wa kuanzia. Kila alipokuja ofisini nilimwambia, "Subiri bajeti, mwanangu." Ukweli ni kwamba jina lake sikuwahi kulipeleka kwenye orodha ya kupandishwa. Faili nililiweka chini ya mengine, nikaona halina haraka.

Hujafa hujaumbika. Mwaka jana nilipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala.

Kwa miezi mitano Esnath alinikalisha kwenye ile stoo nikiokota maharage, moja moja, kuyatia kikombeni. Nililia kwa hasira, mtu mzima na mvi zangu. Faili hakulitaja hata siku moja. Mwishowe nikashindwa mwenyewe, nikamweleza yote. Aliinama akaokota harage nililoliangusha.

"Nilijua, baba. Tuendelee. Kidole gumba."

Niliporudi kazini, jambo la kwanza nililoanza kuandika ni pendekezo la kumpandisha daraja. Sijalimaliza, akaingia na barua yake. Anaacha kazi, amepata nafasi kwenye kliniki ya binafsi Dar es Salaam. Barua ilihitaji sahihi yangu kabla ya kwenda kwa mkurugenzi.

Nikamwonyesha nilichokuwa nakiandika. Alikisoma taratibu.

"Asante, baba. Ila mama yangu anazeeka kule Uyole, ananitegemea, na nina watoto wawili shuleni. Nimesubiri vya kutosha."

Nilimfikiria Mama Devota na viazi vyake, na wale watoto wa viti vya maboksi. Wangebaki na nani? Ningeweza kusema mkono bado haujapona, iache hapo mezani. Kulaza barua nilikuwa nakujua sana.

Nikachukua kalamu. Ilianza kutetemeka juu ya karatasi. Esnath, kwa mazoea tu, akanishika kifundo cha mkono, ukatulia, nikaandika jina langu lote.