Dawa ya Nyasi

Pikapu ilikuwa imeshapita kituo cha mafuta na safu ya nyumba zisizopigwa plasta, ikaingia barabara ya kokoto ambayo Mama Fyekeo hakuijua. Akamwambia dereva asimame. Kando ya barabara mwanamke mmoja alikuwa akianika mashuka.

"Samahani dada, chuo kipya cha wauguzi ni wapi?"

"Nyooka tu. Ukiona nyasi ambazo hujawahi kuona maishani mwako, umefika."

Mama Fyekeo alishukuru, akapandisha kioo huku uso umepata joto. Nyasi hizo zilikuwa zake. Zilitoka kwenye kitalu chake, zikapandwa na watu wake, na yeye mwenyewe alikuwa hajazikanyaga hata siku moja.

Miaka tisa nyuma jambo kama hilo lisingewezekana. Alikuwa mfagiaji wa ofisi, na Jumamosi akifyeka majani kwenye nyua za watu kwa fyekeo alilolifunga kwenye gunia ili lisikate abiria wenzake. Jina likamganda hapo. Baadaye akapata mashine ya mtumba, ambayo haikuwaka mpaka uivute kamba mara kumi na kuitukana mara moja. Nyua zikaongezeka, akaacha ufagio wa ofisi, akafungua kitalu nyuma ya nyumba, akaajiri watu sita. Biashara ndogo ni kama mtoto. Mwanzoni unaibeba mgongoni, halafu inafika siku unaituma dukani na kukaa mlangoni ukiomba irudi na kile ulichoagiza.

Siku hiyo ilifika mama yake alipolazwa. Miezi miwili Mama Fyekeo alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, akiendesha kazi kwa simu. Uwanja wa chuo ulipandwa wakati huo chini ya usimamizi wa Shemeji, kaka wa mumewe, fundi rangi wa zamani aliyeacha ngazi baada ya magoti kumgomea.

Leo ilikuwa siku ya kutia sahihi, saa nne: miaka mitatu ya kutunza viwanja vyote vya chuo. Kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa ameshaacha nyua kumi na moja za wateja wadogo, na wenye nyua walishapata watu wengine. Mkataba ukiponyoka, watu wanne kati ya sita itabidi waende nyumbani. Wao walilijua hilo. Asubuhi walimuaga kwa utani mwingi mno.

Na sasa hili la simu. Nusu saa iliyopita Shemeji alimwambia kwa furaha, "Uwanja nimeshaupiga dawa ya nyasi wote tangu juzi, kama ulivyoagiza. Dumu jeupe limekwisha kabisa."

"Jeupe?"

"Jeupe. Kwani?"

Alikata simu. Stoo ya chuo ilikuwa na madumu mawili. La bluu lilikuwa na mbolea ya maji. Jeupe lilikuwa na dawa ya kunyunyizia njia za kokoto, ile isiyobakiza jani. Huenda Shemeji amechanganya rangi, alijiambia. Halafu akakumbuka kwamba mtu huyo aliishi kwa kuchanganya rangi miaka thelathini.

Getini mlinzi aliitazama fulana yake iliyoandikwa jina la biashara.

"Wewe ndiye mwenye hizi nyasi? Mimi nimekatazwa hata kivuli changu kisizikanyage."

Mama Fyekeo hakucheka. Uwanja ulikuwa mbele yake, kijani kutoka ukuta hadi ukuta, laini, umenyooka kando za njia kama umekatwa kwa mkasi. Katika miaka tisa hakuwahi kupanda kitu kizuri namna ile. Alipiga magoti, akang'oa jani moja, akaligeuza, akalinusa. Hakuna kitu. Lakini hilo halikumpa moyo, maana dawa ile haina haraka. Huingia kwa jani, hushuka hadi mzizini, na kwa siku tano sita nyasi huendelea kusimama na rangi yake.

Shemeji alimkuta stooni ameshika dumu jeupe, tupu. Ubavuni, kwa wino mzito na herufi za mtu anayejua kuandika vibao, palikuwa na maneno: DAWA YA NYASI.

"Nani ameandika hapa?"

"Mimi. Si uliniambia tuweke alama watu wasije wakakosea?"

"Shemeji, dawa ya nyasi ni ya kufanyia nini?"

"Ya nyasi."

"Inazifanya nini?"

"Swali gani hilo? Dawa ya panya inamfanya nini panya, inampaka mafuta? Dawa ya mende je? Dawa ya nyasi inaua nyasi."

"Na dawa ya meno? Inaua meno?"

Mama Fyekeo alimwona Shemeji akitafuta dawa nyingine ya kumjibu nayo.

"Dawa ya kikohozi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, "inaua kikohozi."

"Mimi tangu naanza kazi hii, dawa ya nyasi ni ile ya kuzipa nguvu! Aliyeniuzia mara ya kwanza aliiita hivyo. Nilikuambia upige uwanja mzima. Mzima! Hukujiuliza mtu gani anapanda uwanja halafu anauua?"

"Nilijiuliza."

"Ukajijibu nini?"

"Nikasema bosi ni wewe. Nikadhani labda mmekubaliana waweke vigae." Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Siku hizi kila mtu anaweka vigae."

Kungekuwa na mtu wa tatu, Mama Fyekeo labda angecheka. Aliuliza jambo moja tu: kama kuna sehemu iliyokosa dawa, pembe, ukingo, popote.

"Shemeji, unanijua," alijibu yule fundi rangi, na machozi yakamlengalenga. "Nimepita wima, nikapita mlalo. Sikuacha hata kiganja."

Saa ya ukutani, iliyokuwa bado na nailoni ya dukani, ilionyesha saa nne kasoro dakika sita.

"Sikiliza," Shemeji alisema, akisimama. "Leo ni kijani. Wewe tia sahihi. Wiki ijayo zikinyauka, tutasema ni ugonjwa. Nyasi zinaugua, si zinaugua? Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si mtu wa kusema."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hao watu wanne nao utawaambia methali?"

Hilo lilimfika. Alibaki amesimama na dumu mkononi. Kwa muda ambao yeye mwenyewe asingeweza kuupima, akilini alikuwa ameshatia sahihi. Aliona kalamu, akaona mkono wake, akajisikia akisema neno ugonjwa mbele za watu. Halafu akajiona akilisema tena mwezi unaofuata, na mwaka unaofuata, kila mara kwa ufasaha zaidi. Akalibeba lile dumu, akatoka.

Msimamizi wa majengo, mwanamume mwembamba mwenye kitita cha funguo kiunoni, alikuwa akimngojea ukingoni mwa uwanja. Faili lilikuwa wazi, kalamu juu yake.

"Mama, karibu! Tangu asubuhi napita hapa bila sababu, kuangalia tu. Baada ya siku kumi tunafungua rasmi, wageni watakaa hapahapa. Weka sahihi yako hapa, na hapa."

"Kabla sijaweka, nina neno."

"Masharti tena? Tulishamaliza."

"Hizi nyasi zimekufa."

Msimamizi alitazama uwanja. Akamtazama yeye. Akautazama uwanja tena, kama mtu aliyeambiwa kwamba nguo aliyovaa si yake.

"Zimekufa wapi? Mbona mimi naziona?"

"Zimeshakufa, ila hazijapata habari." Akainua lile dumu. "Juzi zimepigwa hii badala ya mbolea. Kosa ni letu, na agizo lilitoka kwangu. Siku ya ufunguzi zitakuwa rangi ya mkate."

"Mama, kama umepata kazi nzuri zaidi kwingine, sema. Usinitungie hadithi ya maiti wa kijani."

"Sina kazi nyingine. Niliziacha zote kwa ajili ya hii."

Msimamizi aliinama, akavuta kishungi cha nyasi. Kilishika imara. Alionekana kuchukizwa nacho kwa ushupavu wake.

"Unajua ungeweza kuniacha nisaini?"

"Najua."

"Na ningesaini."

"Najua pia."

Alifunga faili, kalamu ikiwa ndani, akalibana kwapani. Mama Fyekeo aliliangalia likienda huko.

"Sasa unataka nini kwangu?" msimamizi aliuliza.

"Siku tisa. Leo tunang'oa yote hadi mzizi. Kitalu changu kina nyasi za kutosha, nitazikata na udongo wake, nizilete kama mikeka. Mteja mmoja wa kitalu alikuwa ameshaziagiza. Nitamwambia mwenyewe."

"Na atakuacha."

"Pengine."

"Siku ya tisa nikikuta kiraka kimoja, hata cha kukaa kuku, hatujuani. Zikiwa sawa, tutaongea upya. Sisemi nitasaini. Nasema tutaongea."

"Asante, baba."

"Usinishukuru. Nina hasira."

Shemeji alikuwa ameshatoa majembe stooni. Alisimama kwenye pembe, akanyanyua, akasita. Jembe lilibaki hewani. Kwa mtu aliyepaka kuta maisha yake yote, kuharibu kitu kilichonyooka vile lilikuwa kama kujikata kidole.

"Piga, shemeji," alisema Mama Fyekeo.

"Ni nzuri mno."

"Piga."

Jembe likashuka. Nyasi zilifumuka na udongo mweusi, mizizi myeupe ikaonekana, mibichi, isiyo na dalili yoyote. Dirishani ghorofa ya kwanza vichwa vya wanafunzi vikajaa. "Jamani, njooni muone! Wanang'oa nyasi nzima!" Mwingine akapaza sauti, "Baba wee, hukulipwa nini?" Mlinzi alikuja mbio, akaishia ukingoni, bado anaogopa kukanyaga.

"Mwambie akome!" alimwambia msimamizi.

Msimamizi alikuwa akiutazama ule mstari wa udongo ukirefuka, na uso wake haukusema kama amemwamini mtu mkweli au mwendawazimu.

Mama Fyekeo alipiga simu kitaluni. Alisikia kelele za watu wanne waliokuwa wakisubiri habari, mmoja akiuliza kama tayari waanze kushangilia. "Noeni majembe," aliwaambia. "Nakuja. Nitawaeleza nikifika." Kelele zikakatika. Akapanda pikapu bila kugeuka kumuaga mtu, dereva akawasha injini, wakatoka getini na kushika ile barabara ya kokoto. Vumbi lao lilitanda muda mrefu juu ya ukuta. Upande wa ndani Shemeji aliendelea kuchimba peke yake uwanja uliokuwa bado kijani, na kila aliyepita alimwonea huruma.